Shamba Limo Dunguni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Waheshimiwa madiwani, na hasa diwani wetu ambaye leo kavaa viatu vyeupe kana kwamba haijui barabara yetu. Padre wetu na Shehe wetu, mliokubali kugawana kochi moja kwa sababu lile jingine limekaliwa na spika za muziki. Wataalamu mliotoka Ifakara. Majirani zetu wa Mofu, na ninyi mliopanda treni kutoka Chita kuja kula pilau letu. Ndugu wageni waalikwa, wananchi wenzangu. Wazee wangu, shikamooni!

Sijasikia. Wazee, shikamooni!

Haya, sasa nimeitikiwa, naweza kusema. Wageni, mimi naitwa Levina, mtendaji wa kijiji hiki. Nimepewa dakika chache, na mshereheshaji ananiangalia kama mtu aliyeinjika maziwa jikoni. Tulia, kaka, hayatafurika.

Leo tunafungua kituo chetu cha huduma. Kuanzia kesho mama ataandikisha kuzaliwa kwa mtoto hapahapa, mkulima ataiona hati ya shamba lake hapahapa, na hakuna atakayepanda bodaboda mpaka mjini kwenda kuambiwa aje kesho. Mkiingia ndani msishangae kutoliona kabati. Mtaiona kompyuta, mtamwona binti yetu Ritha na tabasamu lake, basi. Taarifa zenyewe zinatunzwa kwenye mashine za serikali, mbali kabisa na mto wetu, tena nakala yake ipo mahali pengine, na sisi tunazifuata kwa mtandao. Wataalamu wanapaita huko kwenye wingu.

Na neno hilo, Mheshimiwa, ndilo lililotaka kutuvunjia kijiji.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, Ndugu Evarist, huyu afisa TEHAMA mnayemwona anajifanya anasoma ratiba, alikuja hapa kwenye mkutano. Vijana wa upimaji walikuwa wameshazunguka mashamba yote na kuweka vigingi. Evarist akasimama, akasema, "Ndugu wananchi, mkikubali, hati zenu tutaziweka kwenye wingu." Tulikuwa chini ya bati, na mvua inapiga. Mzee Silvano, mvuvi wetu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, wingu lipi? Linalotoka Udzungwa au linalotoka Mahenge? Maana hilo la Mahenge silitaki hata kwa salamu." Mwingine akauliza, "Na kiangazi likiondoka, shamba langu litaondoka nalo?" Akainuka wa tatu: kama mawingu yako mbinguni, basi ni kijiji cha Mbingu, kile cha njia ya Mlimba, na pale ana shemeji, atamwomba amtazamie hati yake.

Tulicheka, lakini tulikataa. Je, tulikosea kuogopa? Mtu wa bonde hili unamwambiaje aliamini wingu, wakati wingu ndilo linalomwamsha kitandani na maji yakiwa magotini? Tukasema karatasi zetu zikae kabatini, kabati tunaliona, na ufunguo upo.

Mtu mmoja tu alikubali. Bibi Dorotea, simama bibi yangu wakuone. Mpigieni makofi!

Huyu ni mjane. Ana shamba la mpunga kando ya kijito, aliloachiwa na marehemu mumewe, na hilo ndilo chakula chake, ndilo sabuni yake, ndilo sababu yake ya kuamka. Siku ile alikaa nyuma kabisa, pale bati linapopiga kelele kuliko kote. Akapaza sauti, "Umesema mtaziweka wapi?" Evarist, sauti imeshamkauka kwa kubishana, akajibu alivyoweza. Bibi akasema, "Ahaa! Dungu! Dungu nalijua, nimelelea watoto juu ya dungu. Niandike."

Wageni wa mjini, dungu ni kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, katikati ya mpunga. Maji yakija yanapita chini, wewe uko juu na mtoto wako na chakula chako, unafukuza ndege wa mpunga, kweleakwelea. Kwa Mndamba, kitu kilichomo dunguni kimepona. Evarist alisikia vizuri kwamba bibi kasikia vibaya. Akanitazama. Nikamwambia, "Andika, kabla mvua haijakatika."

Mvua haikukatika. Masika yale mto ulitoka kwenye njia yake, ukaingia ofisini kwangu bila hodi, ukalifungua kabati bila ufunguo. Maji yalipopungua tulifanya tunachokijua: tulitandaza maturubai, tukaanika hati za kijiji kama tunavyoanika mpunga. Tuliziinua, tukazigeuza, tukafukuza kuku. Jua lilikuwa zuri, zilikauka vizuri sana. Zilikauka nyeupe! Wino wote ulikuwa umekwenda Rufiji. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema nililia.

Kisha likaja la bibi. Mpaka kati ya shamba lake na la shemeji yake ulikuwa kijito. Sasa kijito kilikuwa kimehama, kimepasua katikati ya shamba la bibi, na vigingi havionekani, vimefunikwa na tope. Shemeji mwenyewe ni Dionisi. Shemeji Dionisi, usijifiche nyuma ya mkeo, tumeshakuona! Alikuja barazani akasema, "Mimi sijahama. Mpaka wetu ni kijito tangu enzi za baba, na kijito mnakiona kilipo. Mto umenipa, nani aukatalie?"

Bibi akajibu kauli ambayo mimi sitaisahau: "Mto haukunioa, Dionisi. Aliyenioa ni kaka yako."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Wazee waliouweka mpaka ule wametangulia mbele ya haki, na njia ya zamani ya kijito ilikuwa imefukiwa na tope. Karatasi ilikuwa nyeupe. Bibi alikuwa ameshaanza kufunga vyombo akakae kwa binti yake Morogoro, akalale sebuleni kwa watu. Mtu aliyelilima bonde hili ujana wake wote!

Ndipo akaniuliza, "Levina, si shamba langu limo dunguni?"

Nikampigia Evarist, akaja na kishikwambi. Mtandao, Mheshimiwa, nitausema mbele ya wageni, hapa kijijini ulishika mahali pamoja tu: mlangoni pa mashine ya kukoboa mpunga. Baraza zima likahamia mashineni, mwenye mashine akaizima, na wateja wakanuna na pumba zao kichwani. Tukasubiri. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka Mzee Silvano akasema ndoano yake ina haraka kuliko hicho. Halafu shamba la bibi likafunguka. Lote! Jina lake, picha yake, na mistari ya mpaka, kavu kabisa.

Tukaifuata ile mistari kwa miguu, kijiji kizima, Evarist mbele, tukavuka kijito kipya, tukaingia kwenye magugu. Akasimama. "Hapa." Dionisi akasema hapo hapana kitu, na ili atuaibishe akachukua jembe akachimba mwenyewe. Jembe likagonga saruji. Alikuwa amekifukua kigingi cha shemeji yake kwa mkono wake!

Vigelegele vya siku ile vilisikika Mofu, mashahidi hawa hapa. Na Dionisi, nampa haki yake, ni muungwana. Alifuta tope mikononi, akasema, "Shemeji, mto umenidanganya," na msimu uliofuata akamlimia shamba kwa trekta lake dogo, pawatila. Asante, shemeji.

Tangu hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Kupima upya kumetuchosha, kumetugombanisha kidogo, lakini leo kijiji chote kimo. Tena hapa hakuna anayesema wingu. Ukimuuliza hata mtoto wa shule hati ya babu iko wapi, atakujibu, "Imo dunguni."

Bibi mwenyewe tulimwambia ukweli juzi tu, tukichambua mchele wa sherehe hii. Nilimwambia, "Bibi, ulisikia vibaya. Lilikuwa wingu." Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Akasema, "Mngeniambia wingu, ningekataa, na leo ningekuwa Morogoro." Kisha kicheko kikaisha, akaniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu, maana liko juu ya cheo changu.

Mheshimiwa, tunashukuru kwa jengo, kwa sola, kwa mnara mpya wa mtandao, na kwa Evarist, aliyechekwa hapa na akarudi. Tunaishukuru serikali kwa dhati. Lakini sisi ni wakulima wa mpunga. Tunajua nguzo nzuri hazimfukuzi ndege. Dungu ambalo mlinzi wake amesinzia, au ameuza zamu yake kwa mwenye tamaa, ndege hushiba na mwenye shamba hulia. Majina yetu, watoto wetu na mashamba yetu yote sasa yamo humo.

Utepe uko tayari mlangoni. Mkasi anao Bibi Dorotea, na ameniambia wazi kwamba hampi mtu mpaka ajibiwe. Swali lake ni hili: "Humo dunguni, nani analinda?"

Karibu mlangoni, Mheshimiwa, ukamjibu. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka pilau likanukia, asanteni sana kwa kunisikiliza.