Aliyeliliwa Nainokanoka

Waombolezaji wapendwa, naomba radhi mapema kwamba historia hii nitaisoma vibaya, maana mimi Patrisi, shemeji wa marehemu, miaka yote nimelipwa kuchekesha watu, na leo familia imekosa kabisa mtu mwenye sura ya huzuni kuliko hii.

Marehemu Cresensia Leonce alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 Endamarariek, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza mwaka 1978, na mwaka 1985 akajiunga na kikundi chetu cha maigizo hapa Karatu, nikiwa mimi mwalimu na yeye mwanafunzi pekee aliyenisikiliza. Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na kaka yangu Vedasto, fundi seremala wa majukwaa yetu, wakajaliwa watoto wawili, Rahel na Inosenti.

Mwaka 1994 tulipeleka Nainokanoka, kijiji cha wafugaji huko milimani, igizo la afya ya uzazi, Cresensia akiwa mama anayefia njiani akikimbizwa zahanati, naye akafa vizuri mno, hata kina mama wakaangua kilio cha kweli, wakaondoka kabla hajainuka. Tuliporudi baadaye, rafiki yake Mama Lomayani, aliyekuwa akimkaribisha chai kila safari, alitumiminia sote, akampita Cresensia kama anavyopitwa mtu asiyekuwepo, wala hakumtaja, kwa kuwa kule jina la aliyekufa halitamkwi. Cresensia akacheka, "Mama Lomayani, ni mimi jamani!" Yule mama akamziba mtoto wake macho.

Toka siku ile hakupanda tena jukwaani, akawa meneja, akakodi ghala la mahindi akaligeuza ukumbi, akakiongoza kikundi mpaka mwisho, lakini kila mtu wa Nainokanoka aliyeteremka mnadani, Cresensia alimsihi, "Mwambie Mama Lomayani anitaje tu, nijue nipo." Hakutajwa.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa Arusha, akafariki tarehe 9 Juni 2025.

Leo asubuhi, tukiaga mwili, Mama Lomayani aliingia, mzee sasa, akaweka kiganja kifuani pa marehemu, akakiacha pale, kisha akasema, "Cresensia! Unashikika, kumbe uko hai. Tuliyemlilia alikuwa mwingine." Akaita tena, akainamisha sikio kungoja jibu, nasi sote, padri akiwemo, tukajikuta tunangoja naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na wanakikundi waliomsaidia Vedasto kuchonga jeneza.

Pumzika kwa amani, shemeji, umetajwa. Na wewe Mama Lomayani, asipoitika usimlaumu yeye, nilaumu mimi, maana ndimi niliyemfundisha kwamba maiti haiitiki, hata ikiitwa na rafiki.