Mama Prakash na Ngozi ya Nekoye

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, jikoni au shambani. Leo tunamkumbuka Bi Lajwanti, mke wa Madanlal mwenye duka la vitambaa pale Kitale. Wengi mlimwita Mama Prakash. Ametutoka wiki jana, na jamaa zake wameniomba nisilie hapa redioni. Sitalia. Mama huyu alipenda kicheko.

Mwaka wa 1949, Barasa wa Saboti aliingia dukani humo na binti yake Nekoye, wa miaka kumi. Shingo ya mtoto ilijaa majipu. Moja likipona, lingine linaota. Ngozi ilimwasha, akajikuna mpaka akatoka damu. Mteja mmoja akapiga kelele: "Wewe, toa huyo mtoto! Ati unataka tupate ukoma?"

Barasa akageuka aondoke. Mama Prakash akamfuata mlangoni, akamshika mtoto mkono.

"Ngoja, baba. Hii toto nakunywa maji mingi?"

"Anamaliza mtungi, mama. Na anakonda tu."

Akamwita mwanawe. "Prakash! Kuja, onyesha mguu!"

Prakash akapandisha kaptura. Mapajani alikuwa na vishimo vilivyoachwa na sindano. Akajisifu: "Ona, hapa haragwe linalala!" Nekoye akacheka, wasikilizaji, mtoto aliyekuwa amesahau kucheka.

Prakash alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mama yake alijua kwamba sukari ikizidi mwilini, ngozi haina amani. Siku hiyo hiyo Madanlal akawapeleka hospitali kwa gari lake. Daktari akapima mkojo. Ni sukari. Nekoye akaanza sindano za insulini, na majipu yakakauka.

Lakini mama yake, Jentrix, alikataa kushika sindano. "Nimdunge mtoto wangu kila siku kama gunia?"

Mama Prakash akapanda mpaka Saboti, akaketi naye jikoni, akamfundisha: Badilisha mahali pa kudunga, ngozi isibonyee. Kausha katikati ya vidole vya miguu. Jipu usilitumbue kwa mwiba. Jentrix aliniambia: "Nilidunga, nikalia mimi. Mtoto ndiye alinituliza: 'Mama, si imekwisha?'"

Mwaka jana Nekoye, akiwa na miaka kumi na minane, aliolewa Bungoma. Shangazi mmoja wa bwana harusi akanong'ona kuhusu madoa ya kahawia, alama za sukari, kwenye miundi ya bibi harusi. Mama Prakash akasikia. Akasimama na sari yake.

"Hiyo miguu mimi napaka mafuta miaka nane! Wewe iko na neno?"

Vigelegele vikapasuka, na Mama Prakash akacheza mpaka viatu vikamtoka.

Poleni sana, Mzee Madanlal na Prakash. Pole Nekoye, ambaye sasa ana mimba changa na afya njema. Mungu awafariji.

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: ni mtoto gani tunayemkwepa kwa sababu ya ngozi yake? Kama majipu hayamwishi, na kiu haimwishi, mpeleke hospitali. Lakini kwanza, mshike mkono.