Tochi ya Verlon

Basi la kutoka maegeshoni kwenda maonyesho ya bunduki, huko Tulsa, lilijaa pomoni. Verlon alimgeukia mama mmoja asiyemjua, mate yanamruka. "Dada, funga tochi kwenye bunduki! Mwizi akiingia unamwona peupe!"

"Thubutu! Tochi naishika mkononi, mdogo wangu. Ukimulika kwa bunduki, unayemmulika umeshamlenga."

"Maneno tu hayo! Juzi usiku nilisikia vishindo jikoni, nikawasha, jikoni kote kweupe! Kumbe mke wangu, anakula pai!"

Alicheka peke yake.

Kiti cha nyuma, Nadine mkewe aliacha kutafuna. Siku ile mwanga ulimpiga machoni, naye akacheka, akidhani ni tochi tu.

Basi likasimama. "Tumefika, mpenzi," Verlon akasema.

Nadine hakuinuka.