Neno Lililompotea Dilawar

Kwenye benchi la chai la Bashir, mtaa wa kumbi za zamani za maigizo mjini Lahore, gazeti la asubuhi hiyo lilikuwa na habari moja tu: Dilawar Khokhar katimiza miaka themanini. Ndiye aliyechekesha watu jukwaani, akawika kwenye filamu, akawaliza kwenye televisheni, kisha akarudi jukwaani mara moja. Maneno yakampotea katikati ya mchezo, akatoka asiigize tena. Wazee wawili waliobandikwa majina ya Redio na Mwereka walikuwa wanabishana. Mwenzao Ghafur, waliyemwita Tiketi, alikuwa anakunywa chai yake.

— Alirogwa, alisema Redio. Alitiliwa kitu kwenye tambuu.

— Arogwe wapi? alisema Mwereka. Filamu zilimharibu. Kule unasema mstari mmoja, kamera inazimwa, unaletewa chai. Kichwa kikazoea uvivu.

— Basi nikwambie ukweli. Hakuwa yeye. Alikuwa pacha wake.

— Pacha mwenye kovu lile lile kidevuni?

— Kovu linachongwa, kaka. Tiketi, wewe ulikuwepo. Sema.

— Nilikuwa nje, dirishani, nauza tiketi.

Uongo huo Ghafur aliuzoea. Hakuwahi kuuza tiketi. Alikaa nyuma ya pazia na daftari la mchezo, kazi yake kumnong'oneza mwigizaji akikwama. Jioni ile Dilawar, aliyekula naye sahani moja enzi za njaa, alimpita mlangoni bila salamu. Kisha akakwama, akageukia pazia. Kidole cha Ghafur kilikuwa juu ya neno lenyewe. Akanyamaza. Alitaka kumtia adabu kidogo tu, lakini watu wakaanza kuzomea.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri chai yake alisogea.

— Samahani, ami zangu. Mimi Afshan, binti yake. Hana pacha.

Redio alikunja gazeti taratibu.

— Tusamehe, mwanangu. Maneno ya benchini haya.

— Macho ya baba yalishaanza kufifia wakati ule. Alificha asinyimwe kazi. Hata watu aliowajua alikuwa anawapita.

Ghafur aliweka kikombe chini.

— Mimi sijui mambo ya jukwaa, Afshan aliendelea. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu wa kumkumbusha?

— Alikuwepo, alisema Ghafur.

— Sasa mbona alinyamaza?

Wenzake walimgeukia. Ghafur aliinama kufunga viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba.