Nthenya wa Mwethya wa Majiko

Marehemu Nthenya Nzomo alizaliwa Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, tarehe 14 Agosti 1986, mtoto wa tatu wa Mzee Nzomo Mutisya na Mama Muthoki Nzomo. Mama husimulia kwamba alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa beberu wa jirani, na hata kuku akiruka ghafla alikimbilia jikoni. Huko ndiko alikojifunzia kupika, kwa maana hakuna anayejificha jikoni kwa Mama Muthoki asipewe kazi.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2000 na wa kidato cha nne mwaka 2004. Mwaka 2006 alijiunga na chuo mjini Kitui kusomea upishi. Alipita vizuri, isipokuwa somo la kueleza pishi mbele ya darasa, ambalo alilirudia mara mbili.

Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa kanisani na Kyule Muthama, fundi mwashi wa Emali. Walijaliwa watoto wawili, Mutie na Nduku.

Alipika katika hoteli moja ya Emali hadi mwaka 2015, alipoanza blogu yake ya mapishi ya Ukambani. Kwa miaka minne aliandika kuhusu muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kunde kama mtu anayeongea peke yake shambani. Wasomaji wake waaminifu walikuwa dada yake Kathini, anayesoma wasifu huu, na mumewe, ambaye alisoma akisimamiwa. Mwaka 2019 alikwenda kumwona Mama, akakuta wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, wakichimba matuta ya shamba pale nyumbani. Walimaliza kwa siku moja, na kesho yake wakahamia kwa jirani. Nthenya alirudi Emali hatulii. Aliwatafuta waandishi wa mapishi wa Kitui na Makueni, kila mmoja akihangaika na blogu yake, akawapa wazo: kila Jumanne, wote waingie kwa mmoja, wasambaze chapisho lake na kumtaja kwa wasomaji wao, na wiki inayofuata iwe zamu ya mwingine. Wa kwanza kukubali alikuwa Isnino Salat, ambaye jamaa zake huuza mifugo Emali na ambaye nyirinyiri zake za nyama iliyokaushwa zilikuwa hazijulikani hata Sultan Hamud. Kufikia mwaka 2023 Mwethya wa Majiko ulikuwa na watu arobaini na mmoja. Sharti lilikuwa moja tu. Hakuna pishi ambalo lingesambazwa kabla Nthenya hajalipika kwa mkono wake na kula sahani nzima.

Machi 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Alishikwa na hofu, na hofu hiyo aliificha hata kwa mumewe. Alijiuliza ni nani atamfuata mpishi ambaye chakula kinamkataa. Aliona wazi kwamba watu wakijua, watasema mapishi ndiyo yaliyomla koo, na Mwethya utasambaratika. Kwa hiyo alipika, akapiga picha, akampa Kyule ale, kisha yeye mwenyewe akawaandikia wenzake, "Nimeonja, iko sawa." Kyule alidhani amependwa upya, akanenepa.

Jumanne tarehe 16 Julai 2024 ilikuwa zamu ya pishi la muhogo mbichi. Siku hiyo hata kupika hakupika. Koo lilikuwa limefunga, akaangalia picha tu na kuidhinisha. Pishi lilikuwa limeacha hatua ya kuloweka, inayotoa sumu ya muhogo mchungu, na angelionja, uchungu ungemwambia. Asubuhi hiyo lilitoka katika kurasa arobaini na moja. Kufikia Alhamisi mama mmoja wa Kibwezi na watoto wake wawili walikuwa wamelazwa, wakitapika. Siku nne Nthenya hakukaa wala hakulala. Mungu aliwanusuru wote watatu. Alikwenda kwao na Isnino, akawaomba msamaha.

Tarehe 27 Julai aliwaita wanachama Kitui. Alisimama mbele yao akishikilia meza, akasema, "Sikuonja. Miezi minne sijaonja kitu. Siwezi kumeza, na niliogopa kuwaambia."

Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Tisa waliondoka siku hiyo. Isnino ndiye aliyemjibu. "Mama Mutie, si ungetuambia tu? Midomo iko mingi hapa, tungekuonjea."

Mwezi wa Agosti madaktari walithibitisha saratani ya umio. Alipata matibabu, na familia inawashukuru wauguzi. Wanachama walianza kuonja wawili wawili. Aliposhindwa kabisa kula, walikuja Emali kwa zamu, wakaketi kando ya kitanda, wakala na kumweleza ladha. Bado aliwasahihisha: "Hiyo umezidisha chumvi, naona vile unakunywa maji."

Lakini aliogopa. Aliomba mlango usifungwe. Aliomba mkono wake usiachwe, na tulipobadilishana alihesabu vidole kujua ni nani. Mchungaji alimwambia anayeamini haogopi, naye akamjibu, "Pastor, naamini na naogopa."

Alifariki nyumbani Emali, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane. Usiku uliotangulia alikuwa amemwambia Kathini, "Usiwasomee watu ati nililala tu. Sema niliogopa tangu Machi na nikanyamaza. Kuna mtu ataketi hapo kwa hema akiwa na hofu yake."

Kathini amesema. Kama wewe ndiye, usitoke hapa leo bila kumshika mtu mkono na kumwambia.

Marehemu ameacha mume wake, Kyule. Watoto wake, Mutie na Nduku. Wazazi wake, Mzee Nzomo na Mama Muthoki. Ndugu zake wanne. Na wenzake thelathini na watatu wa Mwethya, kwa kuwa wawili kati ya wale tisa walirudi.

Apumzike kwa amani, ile ambayo hapa kwetu hakuipata yote.