Mume wa Buluu Aliyegeuka Shimoni

Miaka ile ya hamsini, lori la kwenda Mufindi likipita mara moja tu kwa siku na baridi ya Iringa ikiuma kwelikweli, benchi la Silvester muuza kahawa pale Kihesa lilijua kila kitu duniani. Ukibisha, basi hukuwahi kulikalia. Jioni hiyo Didas, utingo wa lori, aliyeacha shule darasa la tatu akajisifu kama aliyeimaliza, alikuja na doti ya kanga kwapani. Kesho yake alikuwa anakwenda Igowole, huko Mufindi, kumrudisha mkewe Tekla, aliyekimbilia kwao tangu mavuno. Alitaka benchi limpe maneno ya kuwaambia wakwe. Akakuta wenzake wamezunguka picha.

Aliyeileta ni Philbert, zamani mpishi wa Mgiriki mmoja wa tumbaku. Mgiriki alipohama alimwachia. Picha kubwa ya rangi: mwanamume wa buluu, macho yote mawili upande mmoja wa uso, anatoka shimoni na zeze mkononi, shingo imegeuka. Nyuma yake mwanamke mweupe kama moshi anadidimia.

— Mchoraji alikuwa na homa huyu, alisema Silvester akimimina kahawa.

— Ndiyo mtindo wao wa sasa, alijibu Philbert. Hadithi ya kwao hiyo. Mke kaumwa na nyoka, kafa. Mume akamfuata kuzimu, akapiga zeze mpaka wakubwa wa huko wakalia. Wakamwambia, haya mchukue, atakufuata nyuma, ila ukigeuka kabla hamjatoka, umemkosa. Akageuka.

— Hadithi gani! alidakia Asukile, aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya na hakuacha mtu asahau, wakamwita Dhahabu. Shimo la Chunya hilo, nalijua! Mke kameza punje ya dhahabu. Mume kageuka amkague!

— Na zeze je? aliuliza Philbert.

— Zeze wapi! Chekeche la mchanga hilo.

— Nyamazeni, alisema Danieli, mzee wa kanisa. Huyo ni Lutu. Mchoraji kachanganya tu, kamgeuza mume badala ya mke. Hamwoni mama anavyokuwa mweupe? Chumvi hiyo inaanzia miguuni!

— Mimi nisingegeuka, alisema Didas, kifua mbele. Mume anatangulia na fimbo, mke anafuata na mzigo. Basi! Mimi hata lori liwake moto siangalii nyuma.

— We utingo! alidakia Asukile. Kazi yako si kukaa nyuma ya lori hukohuko?

Benchi likacheka mpaka kahawa ikamwagika. Didas naye akacheka, kisha akaiangalia tena picha. Alikumbuka njia ya kwenda kanisani, Tekla akimwimbia nyuma ya mgongo nyimbo za palizi, naye akitembea kwa madaha kama mwenye gari. Jumapili moja wimbo ulikatika. Aliusikia ukikatika. Hakugeuka.

Kando ya jiko palikuwa na mama mmoja mgeni, mwenye vikapu vya milulu, zile nyasi za vinamasini, aliyekosa lori akaomba kuota moto.

— Kamwene, wanangu.

— Kamwene, mama.

— Huyo mwanamke, kuna aliyemuuliza kama anataka kurudi?

Asukile aliinamia picha kama aliyeangusha punje yake humo. Wote wakamgeukia Philbert.

— Bwana Mgiriki hakunisimulia hapo, alisema.

Silvester aliinamisha birika. Yakatoka machicha matupu.

Asubuhi Didas alipanda lori, akakaa nyuma kama siku zote, akiitazama Kihesa ikipungua vumbini. Neno la kuwaambia wakwe hakuwa nalo hata moja. Alikumbatia kanga zake, akawa anarudia swali la yule mama kwa sauti ndogo, tena na tena, kama mtoto wa darasa la tatu anayekariri, asije akafika Igowole kwa Tekla amelisahau.