Yuklan wa Troyeville: Maisha ya Bernadette Yuklan Chong Mokoena, Mwongozaji wa Filamu, 1986–2025

Marehemu Bernadette Yuklan Chong alizaliwa Johannesburg tarehe 9 Agosti 1986, mtoto wa pili na kitinda mimba wa Mzee Harold Chong na marehemu Mama Doreen. Wazee wa ukoo wake walitoka kusini mwa China zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yeye China aliiona mara moja tu, akiwa mtu mzima, na huko walimpokea kama mgeni. Kwao kulikuwa nyuma ya duka la baba yake, Troyeville, alikokulia kati ya magunia ya unga na kreti za soda, akisikia Kikantoni cha bibi, Kiingereza cha baba na Kizulu cha wateja.

Alisoma shule ya msingi Bezuidenhout Valley, akamaliza sekondari mwaka 2004, kisha akaingia chuo cha filamu hapa hapa mjini. Mzee alitaka binti awe mhasibu. Kaka yake, Mervyn, hajasahau siku Yuklan alipotangaza uamuzi wake mezani. Mzee aliweka vijiti chini akauliza, "Nani atalipa kumtazama Mchina wa Troyeville?" Yuklan, ambaye hakuwa na kawaida ya kumjibu mzazi, akasema, "Hata asipolipa, baba, atazame." Mzee aliondoka mezani. Lakini siku ya mahafali, Desemba 2008, alifunga duka kutwa nzima, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyooa.

Kazi aliianza chini kabisa: kubeba nyaya, kuchemsha chai, kusimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, akiomba magari yasubiri wenzake wapige picha za tangazo la sabuni. Mwaka 2015 alitoa filamu yake fupi ya kwanza, iliyohusu wiki ya mwisho ya duka la baba yake. Ilionyeshwa Durban, kisha Lisbon na Hong Kong, na magazeti yakamwita mwongozaji anayechipukia. Alichipukia miaka kumi bila kuachiwa achanue. Kila alipoomba kutengeneza filamu ndefu, hapa aliulizwa, "Waafrika Kusini wako wapi katika hadithi hii?" naye akajibu, "Mmoja ameketi mbele yenu." Ng'ambo nako wakauliza mbona China haionekani. Aliporudi kutoka kikao cha tatu cha namna hiyo, alijilaza sakafuni jikoni na viatu vyake miguuni, akasema, "Eish, wanataka niwe nani?"

Kazini ndiko alikokutana na Jabari Mokoena, fundi wa sauti, mzaliwa wa Morogoro, ambaye baba yake alirudi Afrika Kusini na familia kutoka uhamishoni mwaka 1992. Siku Yuklan alipopelekwa Bellevue kumsalimia mama mkwe, Mama Hedwiga, alikuwa amejifunza Kiswahili wiki nzima. Mlango ulipofunguliwa akainama kwa adabu akatamka, "Shikamoo mama. Nimekuja kukuoa." Mama Hedwiga akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mimi nimeshaolewa, ila karibu ndani." Tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana. Ndoa ilifungwa tarehe 20 Septemba 2014, na mwaka 2017 Mungu akawajalia binti, Nomsa.

Hatimaye, mapema mwaka 2025, Yuklan alipata ruhusa na watu wa kutengeneza filamu yake ndefu. Ilimhusu mjane wa Kitanzania na mzee wa Kichina wanaopanga katika nyumba moja iliyogawanywa vyumba, Bellevue, na mjane yule anafiwa na mwanawe wa pekee. Mjane aliigizwa na Mama Hedwiga, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya kamera maishani mwake. Upigaji picha ulianza tarehe 5 Mei. Kwa miezi kadhaa tumbo la Yuklan lilikuwa likijaa na kuuma, na zahanati walimwambia ni gesi. Katika wiki ya pili alianguka uani nyumbani Bellevue, walikokuwa wakipiga picha, katikati ya kazi. Hospitali ilikuta saratani ya ovari.

Daktari alitaka kupasua mara moja. Yuklan aliomba asubiriwe amalize. Jabari alipiga magoti mbele yake, akamwambia, "Mke wangu, filamu itangoja. Nomsa je?" Alikubali, akawaaga waigizaji mmoja mmoja. Juni akapasuliwa, na madaktari walipoona yaliyokuwa ndani, walimshona tena bila kuondoa kitu. Ugonjwa ulikuwa umeenea. Aliiacha filamu ili aishi, na uhai nao ukakataa kubaki. Siku alipoambiwa, alipiga kelele wodini hadi wauguzi wakaja mbio, na Jabari alishindwa kumshika kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi.

Septemba aliwaita wote warudi. Aliongoza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha juu ya godoro lililotandikwa uani, sauti ikiwa imebaki kidogo, Jabari akirudia maneno yake kwa nguvu. Likabaki onyesho moja: mjane anamlilia mwanawe. Mama Hedwiga alisimama mahali pake, akamtazama mkwewe pale chini, akafunika uso kwa khanga.

"Mwanangu, siwezi kulia kwa kuigiza."

"Basi lia kweli, mama. Kamera haijui tofauti."

"Nikilia kweli nitakuwa nimekuzika. Usinitume hilo."

Yuklan alimsihi. Aliyekuwa hajawahi kumwinulia mama mkwe sauti alimwambia, "Mama, sina siku nyingine!" Mama Hedwiga aliingia ndani akajifungia. Mpiga picha, Gaël, alizima kamera. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Yuklan alifariki dunia nyumbani Bellevue, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jabari.

Siku ya pili ya msiba Mama Hedwiga alimwita Gaël, akamwambia alete kamera. Gaël alisema, "Maman, si lazima." Akamjibu, "Nani ataimalizia kazi yake basi?" Aliketi uani, pale pale palipokuwa na godoro. Kamera ikawashwa, Jabari akashika kinasa sauti. Machozi hayakuja. Akageuza shingo kutazama nyuma ya kamera, kama mwigizaji anayesubiri kuelekezwa, akasema, "Yuklan, niambie nianzie wapi."

Marehemu ameacha mume, Jabari, binti, Nomsa, mwenye umri wa miaka minane, baba, Mzee Harold, kaka, Mervyn, mama mkwe, Mama Hedwiga, wifi, Emmy, anayesoma wasifu huu, pamoja na wote waliosimama naye uani Bellevue. Mzee Harold hafahamu Kiswahili, na Mervyn ameketi kando yake akimtafsiria.

Bwana alimtoa kwetu kazi ikiwa mikononi. Ampokee, amwondolee maumivu, na amani ambayo hatukuweza kumpa aipate kwake. Amina.